Koti la Msumarini

6 Machi

Mvua imeanza, na banda langu la kushonea lina punda wanne ndani yake.

Naandika kwa sababu nimekasirika na sina wa kumwambia. Wanangu pacha wako mbali, kila mmoja na kazi yake, na nikiwapigia simu watacheka kwanza, kisha watamtetea baba yao. Habari yenyewe ni hii. Tajiri wa tanuri la matofali amenunua trekta dogo. Madereva wa malori akawaambia waende nyumbani mpaka mvua zikatike, "tutaitana," na wale punda wa kubebea matofali akawatafutia mnunuzi wa ngozi. Baba Pacha amemwendeshea tajiri huyo lori tangu wanangu hawajaota meno. Leo alitoka asubuhi kwenda kuagana na wenzake, akarudi mchana anaongoza punda wanne kwa kamba moja, amevaa koti lake la kazi, uso umemsawijika.

"Hawa ndio waliokuwa wananiletea mzigo kwenye lori siku zote," akasema. "Siwezi kuwaacha wakachunwe, Mama Pacha. Nimewachukua badala ya mshahara wangu wa mwisho."

Nikamuuliza watakaa wapi. Akalitazama banda langu. Akasema ni kwa siku chache tu.

Sasa cherehani iko sebuleni, kati ya kabati na televisheni, na mteja akija kupimwa suruali inabidi nifunge mapazia kwanza. Koti lake amelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mbele ya macho yangu. Nikalishika kidogo, maana mimi kitambaa kizuri hakinipiti. Akaniambia nisiliguse.

"Wakiniita nivae nini?"

8 Machi

Mvua. Punda wananuka, banda linanuka, mume wangu ananuka. Nimemwekea sabuni mlangoni.

10 Machi

Sikujua kwamba punda hana ulinzi na mvua. Mbuzi akinyeshewa hujikung'uta yakaisha. Huyu manyoya yake yanafyonza maji mpaka kwenye ngozi, na akishalowa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Leo waliponyeshewa kule nyuma walikosimama kula, nilikuwa dirishani na kikombe changu cha chai, na nikaona jambo. Yule mkubwa mweusi alizunguka polepole akaenda kusimama upande unakotoka upepo, akawakinga wenzake kwa ubavu wake. Hakuna aliyemwambia. Alikaa hivyo mpaka mvua ilipopungua, maji yanamchuruzika masikioni, hata mkia hakuutikisa.

Chai ikanipoa. Nimekaa na watu wazima wengi wasioweza kufanya hivyo, baadhi yao nimewashonea suti.

Huyo tumempa jina la Mheshimiwa. Hakimbizwi na yeyote. Wa pili ni Karani, mwembamba, hawezi kukuona una mfuko asiingize mdomo kuukagua. Jana amekula risiti yangu ya uzi. Wa tatu ni Shangazi, jike lenye sikio lililochanika, mtoa amri. Wa nne ni jike la kijivu, halilii wala halisukumi mwenzake, liko nyuma ya Shangazi wakati wote. Hilo ni Kimya.

Nimechukua futi yangu nikaenda bandani. Nitawashonea makoti.

13 Machi

Jirani yetu fundi wa mabango amenipa mabango yake yaliyoharibika, yale ya plastiki nene. Nilikata usiku wa jana na asubuhi ya leo, nikaweka kamba za kufungia kifuani na tumboni. Kumvalisha punda koti ni kama kumvalisha mtoto mkaidi siku ya shule, ila huyu ana kilo zake. Baba Pacha hakumvuta hata mmoja. Alilishika koti mkononi, akalinusisha, akasubiri. Wakilikataa, anarudi nyuma hatua moja, anasubiri tena. Mtu huyu alikuwa akinipigia honi getini nikichelewa kufunga viatu.

Walipotoka barabarani kwenda kunywa maji, mtaa mzima ulisimama. Mheshimiwa amevaa bango la duka la viatu, limeandikwa PUNGUZO KUBWA kutoka begani hadi makalioni. Anatembea kwa madaha yake yale yale. Wifi yangu, dada mkubwa wa Baba Pacha, muuguzi mstaafu asiyecheka ovyo, alikuwa anakuja kututembelea. Alishika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wifi," akaniambia alipopata pumzi, "ndugu yangu amekuharibu. Ulikuwa mtu mwenye akili zake."

Nikampa za uso. Nikamwambia mdogo wako angewaleta kwako ungewashonea magauni.

17 Machi

Anasafisha kwato kila asubuhi. Nimekuwa nikiona ni mchezo wa mtu asiye na kazi. Leo nilikwenda kumpelekea chai nikabaki nimesimama pale.

Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anamwekea punda bega, kisha anapitisha mkono mguuni kuanzia juu mpaka kwenye kifundo, na hapo anaacha mkono wake umetulia. Hainui mguu. Anangoja punda mwenyewe aunyanyue ampe. Mheshimiwa huwa anamchelewesha makusudi, na Baba Pacha anamwambia, "Chukua muda wako, mkubwa, na mimi sina pa kwenda." Mguu unakuja. Anakwangua tope kwa kisu kifupi kisicho na ncha, anakagua, ananusa, maana kwato ikianza kuoza harufu hutangulia.

Miaka yote ya ndoa sikujua mume wangu ana subira. Nilidhani anayo makelele tu.

22 Machi

Koti la Kimya limembana. Nimefumua mshono wa tumboni, nimeongeza kipande. Labda nilipima vibaya, ingawa mimi sipimi vibaya.

25 Machi

Mvua kutwa. Nimeuza kofia mbili za mvua zilizotokana na mabaki ya mabango. Karani amekula ya tatu.

29 Machi

Koti la Kimya limembana tena. Mimi futi yangu haidanganyi. Mnyama huyu ananenepa. Wenzake wote wako vile vile. Nikamwendea Baba Pacha nikamwambia unampa huyu chakula kwa siri. Akaapa kwamba hampi. Nikamwambia nimekujua tangu ulipokuwa unawapa wanangu peremende nyuma ya mgongo wangu.

Akanyamaza, na akinyamaza huwa najiona nimeshinda. Basi nimekata kauli. Punda mnene kwato zinamlemea na mvua hii, hilo alilisema mwenyewe. Nimempunguzia Kimya nyasi kavu hadi nusu, pumba nimekata kabisa, na ili asidokoe kwa wenzake tumemwekea mbao pembeni ya banda awe peke yake. Baba Pacha alipigilia mbao hizo kwa shingo upande.

"Hajawahi kulala mbali na Shangazi," akasema.

"Kuna mbao tu kati yao. Wanaonana."

31 Machi

Kimya ametulia. Wa kutulia siku zote ametulia.

3 Aprili

Leo niliomba bitana ya lile koti la msumarini. Mteja anataka jaketi la mtoto na bitana nzuri kama ile siioni madukani. Nilimwambia koti lenyewe halitajua. Jibu lile lile: "Wakiniita nivae nini?" Nikamwambia wakikuita watakupa jingine. Akasema tajiri yule hata sabuni ya mikono alikuwa anaifungia kabatini.

Kila simu ikilia anaitazama kabla yangu. Nimeliona hilo.

5 Aprili

Kimya hali.

Asubuhi nyasi zake za jana zilikuwa pale pale, hazijaguswa. Nikasema kumbe kajifunza kiasi, na Mungu anisamehe kwa neno hilo. Mchana hakuzigusa. Alikuwa amesimama kichwa kimeshuka, masikio yamelala pembeni, na midomo yake imelegea. Baba Pacha alimpelekea majani mabichi kwa mkono. Aliyanusa kwa adabu kisha akageuza uso. Ndipo Baba Pacha akampigia daktari wa mifugo bila hata kuniuliza.

Alikuja kwa pikipiki katikati ya mvua, binti mdogo mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Akampima Kimya joto, akamsikiliza tumbo pande zote, akamtoa damu akaitikisa kwenye kichupa, akaiinua kwenye mwanga. Mimi huku nyuma naeleza: nilimpima hivi, nikaongeza mshono, akazidi, nikampunguzia chakula. Naeleza kwa majivuno kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "umempima sawasawa. Lakini huyu si mnene. Huyu ana mimba, tena kubwa."

Baba Pacha akasema haiwezekani, madume yetu yote mawili yamehasiwa, na kule tanurini Kimya alijulikana kuwa ni tasa. Daktari akauliza mvua za mwaka jana punda walikuwa wapi. Baba Pacha akafikiri. Tanuri huwa linazimwa msimu wa mvua, punda wanaachiwa bondeni wachunge na punda wa watu. Punda hubeba mimba mwaka mzima, akasema daktari. Hesabu ikajitengeneza yenyewe.

Kisha akatueleza jambo ambalo sitalisahau. Punda akiacha kula, mwili wake unafungulia mafuta yake mwenyewe yaingie kwenye damu, na mafuta hayo yakizidi yanamziba ini. Anaweza kufa akiwa mnene wa kutazama. Mwenye mimba ndiye anayeondoka haraka zaidi, na anaondoka na kilichomo tumboni. Alituonyesha kichupa. Damu ilikuwa imeanza kuwa na utando mweupe juu.

Nilikaa juu ya ile ndoo ya kusafishia kwato nikashika tama. Nimewashonea wajawazito wa nusu ya mji huu. Mwanamke akija kuongeza mshono mara mbili namwambia hongera kabla hajafungua mdomo. Huyu nikamfunga nyuma ya mbao na kumnyima chakula.

Daktari amemtundikia maji ya sukari kwenye mshipa, chupa tukaining'iniza kwenye boriti niliyokuwa nikining'inizia magauni ya wateja. Akasema dawa kubwa ni ale, chochote, kwa njia yoyote. "Na zile mbao," akasema, "nani aliweka zile mbao?"

Baba Pacha alikuwa ameshaanza kuzing'oa. Hakunitaja. "Ni sisi," akasema.

6 Aprili

Hali. Nimempa majani mabichi, maganda ya ndizi, mkate mkavu. Anageuza uso kwa upole ule ule, na upole huo ndio unaonimaliza. Daktari amerudi asubuhi na jioni. Wateja nimewaambia cherehani ni mbovu.

7 Aprili

Hali.

8 Aprili

Amekula.

Siwezi kuandika vizuri, lakini acha niandike. Shangazi amekuwa amesimama ubavuni mwake tangu mbao zitoke. Leo asubuhi Baba Pacha alimpa Shangazi fungu la nyasi, si Kimya. Nikamuuliza kwa nini unampa mzima. Akaniambia ninyamaze kidogo. Shangazi akatafuna kwa fujo zake zile, nyasi zinamtoka pembeni ya mdomo. Kimya akainua kichwa. Akasogeza pua mpaka mdomoni mwa Shangazi, akashika lile jani lililokuwa linaning'inia, akalivuta. Shangazi, ambaye huwa anamng'ata hata Mheshimiwa kwa jani moja, alisimama akaacha kutafuna, akamwachia. Akavuta la pili.

Baba Pacha alikaa chini kwenye matope akalia. Mimi nikalia nimesimama, maana nguo zilikuwa safi.

Aliniambia alijifunza hilo kule tanurini: punda mgonjwa alikuwa akilazwa na rafiki yake, wakimtenga tu anakata tamaa. Nikamuuliza kwa nini hukusema siku ya mbao. Akasema, "Nilisema."

Ni kweli. Alisema.

15 Aprili

Kimya anakula vizuri. Nimemshonea koti jipya kabisa, pana, lenye nafasi ya kuongeza. Na nimempima kila mtu katika nyumba hii isipokuwa mimi.

21 Aprili

Wifi amehamia kwetu. Paa lake linavuja chumba cha kulala na fundi wa mabati hawezi kupanda mpaka mvua zipungue. Amefika na begi moja na maoni mengi. Tumempa chumba cha pacha. Usiku akasema Karani amelia dirishani kwake mara mbili na kwamba mlio ule ni wa mtu anayechinjwa. Nikamwambia ndivyo anavyosalimia wageni.

26 Aprili

Mfereji wa barabarani umeziba na maji yanarudi uani. Baba Pacha ameweka magunia ya mchanga mlangoni pa banda. Wifi amemfuata na mwavuli, analalamika njia nzima, na amebeba magunia mengi kuliko yeye. Nilikuwa simjui wifi yangu vizuri.

28 Aprili

Daktari amesema bado kidogo. Ameonya: mtoto akizaliwa mvuani, baridi ndiyo adui. Manyoya yake ni ya pamba tupu, akilowa akapoa hanyonyi, na asiponyonya mapema ndiyo basi. Ana wiki chache za hatari mpaka mvua ziishe. Nimetazama vitambaa vyangu vyote. Mabango yanazuia maji lakini hayana joto. Mablanketi yana joto lakini yanakunywa maji. Kitu kimoja tu katika nyumba hii kinafanya yote mawili, na kiko kwenye msumari.

Nikamwambia Baba Pacha. Nilimwambia taratibu, bila utani. Alilitazama koti lile muda mrefu. Ni la buluu nzito, nje halipitishi tone, ndani bitana nene kama godoro la mtoto, na mgongoni lina herufi nyeupe kubwa: MATOFALI.

"Mvua zinakaribia kukatika," akasema. "Wataita wakati wowote. Mama Pacha, mimi ni dereva."

Nikamwelewa. Nikarudi kwenye cherehani nikaunganisha blanketi na bango, kitu kizito kibaya kinachojikunja, na nilijua hakitafaa.

3 Mei

Ni jioni. Nimeoga, nimekunywa chai, nimekaa mbali na watu wote ili niandike.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kumwagwa kwa ndoo. Tulikuwa mezani watu watatu, mimi, Baba Pacha na wifi, tukasikia Mheshimiwa analia. Yeye halii saa za chai. Baba Pacha alitoka na mkate mdomoni. Akarudi mlangoni akasema Kimya hayumo bandani.

Tulimkuta kule nyuma kwenye uwanja, karibu na ukuta, alikokwenda kujitenga. Alikuwa ameshazaa. Mtoto yuko chini kwenye maji, ngozi imemgandia mbavuni, miguu mirefu imetawanyika huku na huku, na hajitikisi. Kimya anamlamba na mvua inamlowesha upya. Upande unakotoka upepo alikuwa amesimama Mheshimiwa na PUNGUZO KUBWA lake, na ubavuni mwa Mheshimiwa, Karani na Shangazi, wamebanana kama ukuta. Kama si wale watatu tungekuta maiti.

Mimi nilisimama tu. Wifi hakusimama. Alikuwa amevaa kanga ya kulalia na viatu vya mume wangu. Alipiga magoti kwenye tope, akamsafisha mtoto pua na mdomo kwa kidole, akamgeuza ubavu, akamsugua mgongo.

"Yuko hai," akasema. "Mbebe, usisimame hapo kama mteja."

Baba Pacha alimbeba kinyumenyume, pua ya mtoto ikiwa mbele ya pua ya Kimya, ili mama aone anakopelekwa. Hata katika hali ile hakumharakisha. Kimya akamfuata hatua kwa hatua mpaka bandani, na wale watatu nyuma yake.

Nikampigia daktari. Alikuwa upande wa pili wa daraja na maji yalikuwa juu ya daraja. Nikaiweka simu kwenye sauti kubwa juu ya kiti. "Mkausheni," akasema. "Mkausheni, mpasheni joto, kisha asimame anyonye. Masikio yakoje?" Wifi akayashika. Baridi. Mdomo wa ndani? Baridi.

Tulimsugua kwa taulo zote za nyumbani, kwa mashuka, kwa suruali ya mteja ambaye nitajua la kumwambia. Anakauka juu, anatetemeka chini, kisha akaanza kuacha kutetemeka, na wifi akasema hiyo si dalili nzuri. Nilimwekea lile blanketi na bango. Lilimwangukia kwa uzito, akashindwa hata kuinua shingo. Nikalitupa. Upepo unaingia kwa chini ya mlango na maji yanaufuata.

Nilipoinua macho Baba Pacha hayupo. Nikadhani amekimbia asione. Nilimfikiria vibaya kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Alirudi na mkasi wangu mkubwa mkono mmoja, na koti mkono wa pili.

"Kata," akasema.

Nikamwambia, "Wakikuita?"

"Kata, Mama Pacha."

Maisha yangu sijawahi kukata kitambaa bila kupima. Nilikata kwa macho. Vipande viwili vya mbele nikavitenga na mgongo, nikakimbia navyo sebuleni, nikaviunganisha kwa mshono mmoja wa juu, zipu yake ile ile ikaja chini ya tumbo. Mkono mmoja nikaupasua ukawa wa shingo. Cherehani ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba iko sebuleni. Nilivunja sindano, nikaweka nyingine. Niliporudi, wifi alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani ndani ya kanga yake, anamwimbia wimbo wa kubembeleza ambao mama yao alikuwa akiwaimbia.

Tukamvalisha. Zipu ikapanda. Ilimkaa kana kwamba nilimpima siku tatu.

Kisha tukangoja. Baba Pacha alikaa kwenye ndoo yake na kumwekea mtoto mkono mgongoni, bila kumsukuma. Daktari kwenye simu anauliza, "Vipi?" na wifi anajibu, "Bado." Vipi. Bado. Muda ukapita, sijui kiasi gani. Wifi akashika sikio. Akalishika tena. Akaniangalia, akanipa nilishike mimi. Lilikuwa na joto.

Mtoto akainua makalio kwanza, akaanguka. Akainua tena. Mara ya tatu akasimama, miguu yote minne, kila mmoja ukielekea kwake, koti la dereva limemfika magotini. Kimya alimpisha akasogea ubavu. Mtoto akatafuta mahali pasipo penyewe, akatafuta kwa Karani, Karani akashtuka akaruka. Mwishoni akapata. Tulisikia sauti ya kunyonya, na daktari naye aliisikia kwenye simu, kwa sababu alicheka.

Ni jike. Nimempa jina la Bitana na hakuna aliyethubutu kupinga.

4 Mei

Nililala mchana. Kilichobaki cha koti, yaani mgongo na mkono mmoja, nimekitundika kwenye msumari pale pale. Baba Pacha amekiona akapita.

9 Mei

Daraja limefunguka, daktari amekuja. Alimkagua Bitana pande zote, kisha akakagua koti, akageuza mshono. Akauliza nani fundi. Wifi akamjibu kabla yangu: "Wifi yangu. Ana wateja wengi, weka miadi mapema."

20 Mei

Wifi amerudi kwake, paa limezibwa. Anakuja kila asubuhi, anasema anapita tu. Ana mfuko wa maganda ya ndizi na Karani anaujua mfuko huo tangu kwenye kona.

Daktari amewaelekeza watu kwa Baba Pacha. Leo amekuja mtu wa tatu kumwomba akamtengenezee punda wake kwato. Alikwenda na ndoo yake begani. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipokunja kona, na nikajiona najivunia mtu niliyeolewa naye zamani. Ni jambo la ajabu kulipata ukubwani.

2 Juni

Jua. Wamegaagaa wote kwenye vumbi, miguu juu, hata Mheshimiwa.

Simu ya Baba Pacha ililia tukiwa nje. Nilikuwa nimepiga magoti na futi yangu, maana Bitana amekua na zipu haifiki tena juu. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa tanuri. Sauti yake ni kubwa, nilisikia yote. Tanuri linawashwa Jumatatu, lori lake lipo, tajiri anamtaka yeye kwa sababu vijana wanaharibu gia. Na je, koti la kazi bado analo, maana mapya hayatolewi?

Nikaacha kupima. Niliishika futi ile nikitazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia nenda, na nilikuwa nataka asiende, na sikujua lipi litatoka mdomoni.

Baba Pacha alimtazama Bitana, aliyekuwa anajaribu kula kamba ya kiatu chake.

"Lipo," akasema. "Ila linavaliwa."

Msimamizi akauliza linavaliwa na nani. Baba Pacha akamwambia ni habari ndefu, akamshukuru kwa kumkumbuka, akasema asalimiwe tajiri na wenzake wote, lakini siku hizi ana kazi. Akakata simu akaitia mfukoni. Akaingia ndani. Nikasikia mlango wa sebule, nikamsikia anatembea, akarudi na ule mgongo wa koti wenye herufi nyeupe, akaniwekea juu ya bega.

"Limembana," akasema. "Ongeza hapa."

Nikamwambia jua lote hili, la nini. Akasema mvua zitarudi, na akainama kuokota ndoo yake, kwani kuna punda wanamngoja mtaa wa pili. Nikakinyoosha kitambaa juu ya mgongo wa Bitana nione kinafika wapi. Kinatosha, na kinabaki cha kuongeza tena.